Fimbo za Mwaka Jana

Nilizinunua Nizwa, fimbo tano ndani ya kopo la samli,
kwa kijana aliyeapa kwamba ni rasiberi
na kwamba kwetu mlimani, Saiq, zitakubali:
"Zinataka baridi, mama. Huku chini zitaungua."
Nikazipandisha kwa gari la Khalfan,
kati ya gunia la mchele na mtungi wa gesi,
kona baada ya kona, masikio yakiziba.

Mwaka wa kwanza, majani tu.
Majani, na vimiiba vya kukwaruza kama ulimi wa paka.
Udongo wetu una chokaa; yakageuka manjano,
nikayalisha samadi ya mbuzi na machicha ya mawaridi
yaliyokwisha kutolewa marashi.
Bi Zuwena akachungulia juu ya ukuta:
"Hizo kuni zako zitazaa lini?"
Makomamanga yake yamevimba kama mashavu ya mpiga zumari.
Sikujibu. Ilikuwa zamu yangu ya maji ya falaji,
nusu saa, na nusu saa haina nafasi ya maneno.

Kisha Januari, mimi niko Seeb kwa binti yangu aliyejifungua,
Shafiq anayetusaidia shambani, mtu msafi mno,
akaziona fimbo kahawia, kavu, hazina jani,
akazikata zote, akazifunga matita, akayapanga mlangoni
nikirudi nione amefanya kazi.
Amefanya kazi.
Nilisimama na mkoba mkononi, nikamwambia ahsante.

Angejuaje? Mmea huu hauzai kwenye kijiti cha mwaka huu.
Kijiti huchipua, hurefuka, hulala kipupwe kizima
kama kilichokufa,
na kiangazi cha pili ndipo huzaa, mara moja,
halafu hufa kweli.
Hicho ndicho cha kukata.
Kichanga ukifunge kwenye waya, ukiache.
Nikamwonyesha kwa uzi mwekundu: hiki, hapana. Hiki, ndiyo.
Akacheka kwa haya, akafunga uzi
hata kwenye mkomamanga wa Bi Zuwena.

Mwaka mwingine, basi. Barafu nyembamba ndooni.
Mei, vijiua visivyo na fahari;
nyuki waliviona kabla yangu.
Juni, Maskati inachemka, nikatandaza wavu,
shore wakanitukana tangu alfajiri.
Tunda hujificha chini ya jani. Cha uvunguni hicho,
nami nikainama na mgongo wangu wa miaka sitini na miwili.
Lililoiva halivutwi; ukiligusa linakuja lenyewe,
likiacha moyo mweupe kwenye kikonyo.
Kumi na moja. Nilihesabu mara mbili.

Nikampelekea mama kwenye kisahani cha kahawa.
Bi Rayya, mzaliwa wa Wete, macho yamefifia
kwa kudarizi kofia za wanaume wa nyumba tatu.
"Forosadi?" Hapana, mama.
"Zambarau?" Hapana.
Akalipapasa, akakuta ndani tupu,
akalivika kidoleni kama subana
na mkono wa pili ukaanza kuvuta uzi usiokuwepo,
mpaka maji mekundu yakamchuruzikia kiganjani.
"Lamba, mama, linamwagika."
"Ngoja," akasema. "Kitobo hiki hakijaisha."