Mfungo wa Chumvi

Katwe, Jumatano ya Majivu, jua limeshapanda.
Mama ametoka kanisani na msalaba wa kijivu pajini,
ameingia ziwani hadi kiunoni.
Haijafika saa nne, jasho limeuteremsha hadi nyusini.
“Wewe futa tu. Aliyenipaka hajanifuta,”
analiambia jasho, au ziwa, sijui.

Siku arobaini nyumbani kwetu chumvi haikuguswa.
Na fikiri: jaruba letu ndipo lilipoiva,
chumvi imeganda ukingoni kama ukoko wa uji,
imo kwenye kucha zetu, kwenye nyufa za visigino,
kwenye nywele za Muhindo mdogo amelala,
nasi tunakula bundu kwa sombe
isiyo na ladha hata ya dhambi.

Mara moja nilimwibia Mungu.
Nyuma ya rundo la magunia nililamba kiganja.
Nilipoungama, Padri Bwambale alinyamaza, akanyamaza,
kisha akauliza, “Ilikuwa tamu?”
Nikasema ndiyo.
“Basi Pasaka itakuwa tamu zaidi. Nenda.”

Pasaka ilikuja na mvua yake.
Usiku wa mishumaa mabati yanapigwa,
maji yanaingia jarubani, yanayeyusha tulichobakiza.
Mama anaimba Aleluya huku akihesabu hasara kwa vidole.
Kesho yake ngege mzima sahanini,
na chumvi anainyunyiza kama anayebatiza.

Kisha miezi ya kijani: kasula ya kijani, nyasi za kijani,
Jumapili zisizo na jina ila namba.
Ijumaa tulijinyima nyama,
nayo nyama hatukuwa nayo.

Lakini Majilio!
Ziwa limefura, chumvi imerudi kuwa maji,
malori ya Mpondwe hayaji,
chungu kimelala kifudifudi jikoni.
“Tunafunga,” Mama alisema. “Tunamngoja Mtoto.”
Tukafunga Jumatatu. Tukafunga Jumanne.
Alhamisi Muhindo aliuliza kama Mtoto naye amefunga.
Tulipiga magoti, matumbo yakinguruma katikati ya Salamu Maria,
tukajiona watakatifu kuliko majirani waliokuwa wakila.

Nilikuwa na miaka thelathini, mwanangu akilia,
mkono wangu ndani ya debe tupu la unga,
nilipoelewa.
Hapakuwa na padri aliyetutangazia mfungo ule.
Mama aliishonea njaa yetu kanzu ya zambarau
tusiuone uchi wake.

Leo ni Majivu tena.
Mama haendi ziwani. Ana presha;
daktari amemkataza chumvi mwaka mzima.
“Basi Kwaresima yangu haina Jumapili ya mwisho,”
anasema, anacheka, meno mawili.
Nimerudi kutoka jarubani sijanawa.
Ananivuta mkono, anaukunjua polepole kama barua,
anakilamba kiganja changu, mara moja tu,
anafumba macho.

“Ithungu,” ananinong’oneza,
“usimwambie Padri.”