Kanda la Sufu

Saa kumi na moja kamili, kwa saa ya Brussels, mlango unafungwa.
Kwetu Jelgava itakuwa saa kumi na mbili,
kule Covilhã, kiwandani, saa kumi tu,
na Ureno nzima, naona, inajihisi ina wakati.

Profesa Valdis amevua viatu.
Anazunguka na soksi ofisini kwangu
akihesabu herufi kwa midomo, kama anayesali.
Kisanduku cha Manufaa kwa Jamii hubeba herufi elfu mbili,
hakipokei hata nukta ya ziada.
Tumezidi mia tatu na kumi na nne.
"Toa kondoo," anasema.
Natoa kondoo.
"Toa na Arvīds."

Arvīds ndiye mwenye kondoo.
Mwezi wa tano alitupeleka nyuma ya zizi
akatuonyesha shimo anamochomea sufu,
maana nauli ya kuipeleka sokoni huizidi bei yake.
"Hunuka kama nywele za mtu," alisema,
akatazama pembeni,
mkono shingoni mwa jike mmoja anayechechemea.
Sasa Arvīds anaitwa *wadau wa mnyororo wa thamani*.
Herufi ishirini na nane, nafasi zikiwemo.

Washirika tuko wanne:
chuo chetu, chuo cha Ghent,
maabara ya Graz inayochoma vitu kwa vipimo,
na kiwanda cha Bwana Saraiva,
ambamo babu yake alifuma blanketi za askari
na yeye anataka kufuma kuta za nyumba.
Kidole kimoja hakivunji chawa.
Ndivyo nilivyotaka kuandika.
Fomu ikataka niseme *uwezo unaokamilishana*.
Basi na chawa naye akaenda zake.

Jana usiku Saraiva alinipigia.
"Dona Dzintra, hiyo asilimia thelathini ya kwetu..."
"Ni thelathini tu," nikamkata.
Akanyamaza. Nikasikia mashine nyuma yake, moja, si nyingi.
"Tu," akasema. "Hiyo *tu* ni mishahara ya wanawake kumi na mmoja
mpaka Krismasi."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Wake ulikuwa sufu kweli,
sufu iliyonyeshewa,
nami nilikuwa naupima kwa kikokotoo.

Saa kumi na mbili kasoro dakika tisa
barua yake inaingia, imeskaniwa kombokombo,
sahihi imeelea juu ya mstari,
na ukingoni kidole gumba cha mtu aliyeshika karatasi,
kucha imekolea rangi ya buluu ya pipa la kutilia nyuzi.
Sijui ni cha nani. Hakimo kwenye bajeti.

*Faili limezidi ukubwa.*
Nalibana. Linakataa.
Valdis anasema jambo ambalo profesa hasemi.
Nalibana tena, kidole gumba kinakuwa miraba,
buluu inabaki.
Kasoro dakika tatu: *Ombi lako limepokelewa*,
na namba ndefu kama ya mfungwa.

Hatukushangilia. Valdis alivaa viatu,
akafunga kamba za kimoja, kingine akakiacha.
"Nane kwa mia," alisema mlangoni. "Mia wanaomba, nane wanapata."
Nje theluji ya Machi ilikuwa inageuka matope
na mto Lielupe ukibeba vipande vya barafu
bila kumwomba yeyote.

Nilikuwa nakunywa chai iliyopoa simu ilipolia.
"Magunia arobaini yamejaa ghalani," alisema Arvīds.
"Nichome, au ningoje?"
"Usichome."
"Mpaka lini?"
"Majibu ni miezi mitano."
Alipiga hesabu; nilisikia pumzi yake ikipiga hesabu.
"Miezi mitano," alisema, "hiyo ni nondo wangapi?"

Nilitazama skrini.
Swali hilo halikuwa na kisanduku.