Kigae na Tunda

Dukani kwangu zamani niliuza vitu vitatu:
mkate, mafuta ya zeituni, na umbea.
Siku hizi nina dengu za rangi nne,
pilipili iliyowahi kumliza kasisi,
na kadi za simu za nchi zinazonishinda kutamka.
Sikusomea biashara. Njaa ya mteja ndiyo iliyonisomesha.

Shule tuliifunga mwaka ule walipobaki watoto watano.
Kengele yake ikauzwa kwa kilo, kama vyuma vingine.
Halafu bonde likavikwa nailoni nyeupe;
ukilitazama kutoka kanisani utadhani theluji,
na sisi huku kusini mwa Ureno
theluji tunaiona kwenye kalenda.
Chini ya nailoni, rasiberi.
Juu ya rasiberi, vidole vya watu wa Nepali.

Chumba cha mwanangu Norberto nimempangisha Tikaram
na binamu yake. Walisema wawili.
Nimehesabu viatu mlangoni: jozi saba.
Nilinyamaza. Jozi saba hulipa kuliko jozi mbili,
na mimi si mtakatifu, hata kanisani hukaa nyuma.

Norberto yuko Luxemburg. Anabandika vigae
kwenye vyoo vikubwa kuliko sebule hii.
Miaka kumi na minne ananiambia, "Mwakani, mama."
Mwakani sasa ameota mvi.
Ijumaa pesa zake huingia hapa kaunta
saa ileile za Tikaram zinapotoka kwenda Gulmi.
Hupishana mbele yangu bila kusalimiana.

Mwezi wa pili upepo uling'oa kigae cha paa.
Maji yakashuka taratibu hadi kwenye picha ya harusi yangu,
yakaanza na uso wa marehemu.
Nikampigia fundi niliyemzaa mwenyewe.
Akanielekeza kwa simu: panda hivi, gongomea vile.
Mimi, mwenye miaka sabini na sita
na goti moja tu la kuaminika.

Aliyepanda ni Tikaram.
Akiwa huko juu, misumari mdomoni,
nikamuuliza, "Kwenu nani anaziba paa la mama yako?"
Akaitema misumari kiganjani,
akajibu kwa Kireno chake cha maneno arobaini:
"Mtu kutoka Bihar, ng'ambo ya mpaka.
Huyohuyo analima ulezi wetu kwenye matuta.
Matuta ya juu kabisa yamerudi msituni,
wamehamia nyani."
"Na mama wa huyo mtu wa Bihar, je?"
Akagonga msumari.
Akagonga mwingine.
Kisha yeye ndiye akauliza:
"Na watu wa Luxemburg, wao huenda wapi kutafuta?"
Nikasema labda benki.
Tulicheka, yeye juu, mimi chini,
hadi ngazi niliyoishika ikatikisika.

Jumapili ya Pasaka Norberto akatuma picha:
kijisanduku cha rasiberi juu ya meza ya vioo,
na sauti yake nyuma ikifurahi kama ya mtoto,
"Mama, tazama, nimezikuta dukani, zimetoka kwenu!"
Kwenu.
Nililisikia neno hilo. Nikalimeza na kahawa.

Jioni nikamwonyesha Tikaram.
Akaivuta picha kwa vidole viwili, vyekundu kwenye kucha,
hadi kibandiko kikajaa kioo cha simu:
sifuri, nne, moja, saba.
"Namba yangu," akasema.
Akakaa kitambo, kama mtu aliyekutana na jirani ugenini.
"Hizi nilichuma Jumanne. Mvua ilikuwa kubwa."

Akanirudishia simu. Akaenda mlangoni,
akatafuta viatu vyake katikati ya vile saba,
akavaa kimoja, akageuka.

"Mwambie azioshe kwanza," akasema.
"Jumatatu walikuwa wamepuliza dawa."