Tawi la Sita

Kopo la maziwa ya unga, vibati viwili vya shaba,
katikati kahawa ya Kibosho, ganda lake bado halijatolewa.
Volti tisa, dakika kumi. Kisha nakata.
Kisha kijiko cha chai, nakilaza juu ya ncha zote mbili:
sifuri.
Nahesabu hadi tano, nakiondoa,
na mshale wa mita, ambao hakuna aliyeugusa,
unaanza kupanda.

Mara ya kwanza nilidhani ni mkono wangu.
Nikajifuta jasho, nikarudia. Ukapanda.

Kandaeli, karani wa mizani, anataka neno moja:
imekauka, haijakauka. Yeye huing'ata punje,
huisikiliza inavyolia jinoni, hutia sahihi.
"Kopo lako lina maneno mengi," ananiambia,
anaondoka na kalamu yangu.

Chumbani Majengo, moshi wa lehemu ndani ya Moshi,
nalijenga gunia kwa viungo vya redio iliyokufa.
Kapasita kubwa: punje nzima na papara zake.
Ubavuni tawi, rezista na kapasita zimefuatana:
hilo ganda, hutoa upesi kama mtoto aliyepewa siri.
La pili, utando mwembamba wa ndani.
La tatu, pale punje inapomgusa mwenzake.
La nne, maji yanayotembea.
La tano, maji yaliyoshikwa. Hili hutoa chaji
kama shangazi Ndeonansia anavyotoa hela:
kwanza anakaa.

Kijiko kikilala, wenye haraka humwaga chote.
Wazito hawajamaliza hata kuinuka;
kijiko kikiondoka, ndio kwanza wanafika na vikapu vyao.
Si uchawi. Ni zamu.

Nachora mistari miwili, wa gunia na wa saketi.
Inalaliana hadi dakika ya saba,
halafu wa gunia unagoma kushuka.

Asubuhi nalimwaga gunia lote juu ya turubai.
Chini kabisa punje za rangi nyingine,
ngozi kavu, moyo mbichi,
zilizochanganywa na mtu gizani.
Kandaeli anang'ata moja. Hailii. Inabonyea.
Anatema, ananirudishia kalamu.

Natoboa tundu jipya kwenye ubao.
Rezista kubwa kiasi hicho sijaipata, nimezunguka mji mzima.
Pembeni naandika: tawi la sita,
mwenyewe bado hajajulikana.