Lango la Futi Kumi na Nne

Miaka tisa niliishi kwa pikapu nyeupe
na trela lililoliwa kutu pembeni.
Nilibeba nilichoitiwa:
marobota ya nyasi, farasi wa Thiessen mwenye hasira za mkia,
bafu la chuma la bibi harusi,
na mara moja piano, kutoka Kamsack hadi Yorkton,
ikipiga yenyewe kila gurudumu lilipokutana na shimo.
Simu ikilia saa nane usiku,
pampu imepasuka, kipuri kiko Regina, nani atakwenda?
Mimi ndiye.
Mzigo mdogo hauna adabu:
unalipa kiduchu na unataka kuitwa bosi.

Kisha Lorne Pylypiuk akafa ganzi mkono wa kulia.
Daktari akamnyang'anya leseni,
na lori lake la buluu likasimama nyuma ya ghala
hadi majani yakafika kwenye ngazi.
Alinitajia bei huku akitazama pembeni,
kama mtu anayeulizwa umri wa mkewe.

Kwenye chama cha mikopo
kalamu ilikuwa imefungwa kwa mnyororo.
Kalamu waliifunga, mimi wakaniachia.
Kukopa harusi, husemwa;
nilitia sahihi mara kumi na moja
na sikusikia kigelegele hata kimoja.

Pikapu akainunua Delmer, miaka ishirini na miwili,
pesa kazitia kwenye mfuko wa mbegu za alizeti.
"Inakula oili?"
Inakula, nikamwambia. Lita nzima kwenda Winnipeg.
Na baridi ikishuka chini ya thelathini
mlango wa kushoto haufunguki.
Ingilia upande wa pili, uuombe radhi, uketi.
Akacheka, akakunja kona bila kupunguza mwendo.

Nikalileta lori nyumbani jioni ya theluji ya kwanza.
Gia kumi na tatu, na mbili kati ya hizo
bado zilikuwa zinamtafuta Lorne.
Breki zilishusha pumzi
kama ng'ombe anayelala chini.
Na pale, langoni, nguzo za baba.

Baba, Metro, alizichimbia mwaka niliozaliwa.
Alipima upana wa mashine yake ya kupandia,
akaongeza futi mbili "za bahati".
Futi kumi na nne.
Kichwa kilipita. Trela likagoma,
likaegemea nguzo ya kulia, taratibu,
kama linajikuna.
Nikarudi nyuma. Nikajaribu tena.
Mara ya tano mama alizima taa ya jikoni
ili nisijue kwamba ananitazama.

Nikazima injini.
Kutoka kule juu niliona paa letu,
vigae vitatu havipo upande wa kaskazini,
na miaka yote hiyo nilikuwa nikilaumu bomba.
Theluji ikatua juu ya deni langu,
kuanzia bomba la moshi hadi taa za nyuma,
bila kuruka hata futi moja.

Asubuhi nilileta msumeno.
Seda ya nje ilikuwa kijivu, imekufa;
ya ndani nyekundu,
ikanukia kama kabati la nguo za kanisani.
Mama alikuja na chai, akasimama.
"Futi mbili za bahati," akasema,
"na bado hazikutosha."
Sikujua kama ananicheka au anamlilia.
Labda hata yeye hakujua.

Wiki ya pili, saa nane usiku, simu.
Pampu. Kipuri kiko Regina. Nani atakwenda?
Nilikuwa nimeshapata soksi moja
nilipokumbuka kwamba lori lile
hunywa dizeli ya kipuri kizima kabla ya kufika barabara ya lami.
Nikawapa namba ya Delmer.

Kisha nikalala chali, soksi moja mguuni.
Nje baridi ilikuwa thelathini na nne chini ya sifuri,
na mimi nilikuwa natega sikio, maili kumi na mbili,
kusikia kama amekumbuka
kuingilia upande wa pili.