Kifaa Kisicholia

Kifaa changu hakilii.
Betri zilikufa wakati wa Pasaka,
na meneja akasema, Komakech, wewe pitisha tu,
watu wakiona fimbo nyeusi watatulia.
Basi napitisha: kwapani, kiunoni, mgongoni,
kama mganga asiyeiamini dawa yake,
hapa lango la wodi ya wazazi, Kampala,
tangu alfajiri hadi taa za boda ziwake.

Asubuhi ile redio ya muuza chapati
ilikuwa imeonya tena: kaeni macho,
piga simu, mtazame jirani.
Haikusema jirani yupi.
Haikuwa na haja. Kila mtu kwenye foleni
alikuwa na picha yake tayari.

Akaja mwanamke wa Kisenyi,
mrefu, mtandio wa rangi ya biringanya,
begi la buluu begani.
Nikapitisha fimbo yangu iliyokufa
na kitu kikalia,
si mkononi. Humu, chini ya vifungo vya sare.

Nikamwambia, Fungua, kwa Kiswahili,
lugha tunayoitoa huku tukitaka kuogopwa.
Akanijibu kwa Kiganda kilichonyooka
kuliko changu mimi mtu wa Kitgum:
mdogo wake amejifungua usiku, mtoto wa kiume,
naye kachelewa.
Akafungua. Nikatazama, sikuona kitu;
macho yangu yalikuwa usoni pake.

Aliliacha kwenye benchi akaenda dirishani kulipa.
Dakika nne, labda tano.
Mtu akauliza, La nani hili?
Mwingine akajibu, La yule Msomali.
Hayo tu.

Nani alipiga filimbi?
Ameniuliza polisi, ameniuliza mke wangu.
Filimbi ilikuwa yangu. Pumzi pia.

Wakamiminika: wazazi na dripu zao mkononi,
daktari na kiatu kimoja,
bibi aliyemfunga mjukuu kwa mshipi wa gomesi.
Yeye walimlaza kifudifudi kwenye kokoto,
risiti ya hospitali bado kiganjani.
Kaloli pekee hawakukimbia.
Walisimama juu ya jaa kama makarani wazee,
wakingoja kujua kama kutakuwa na chakula.

Kilikuwepo. Mafundi wa polisi walipolilipua begi
ukuta ulipakwa uji wa mtama.
Nepi sita. Ubani. Nyirinyiri ya kukaangwa kwa samli:
mbwa wa kunusa mabomu aliramba sakafu
mpaka akavutwa kwa kamba.
Na sweta ya manjano, mkono mmoja;
wa pili sijauona hadi leo.

Walimwachia saa mbili usiku.
Hakuna aliyesema samahani.
Walisema, Tulikuwa tunahakikisha.

Baba yangu naye walimhakikisha,
darajani Karuma, miaka ile ya vita vya kwetu.
Basi likaenda na abiria wote, yeye akabaki pembeni
kwa sababu ya jina, na jinsi alivyotamka namba.
Siku tatu. Alirudi bila mkanda,
na tangu hapo akawa mtu wa kujibu asichoulizwa:
Natoka dukani. Ni chumvi tu hii.
Nilikuwa na miaka saba. Niliapa.
Sikumbuki niliapa nini.

Miezi tisa imepita. Betri hazijanunuliwa.
Leo ni chanjo ya surua, na yule mwanamke
anakuja na mtoto wa mdogo wake kifuani.
Hatua ishirini kabla ya lango
ameshafungua mfuko, wa nailoni, unaoonyesha hadi ndani;
ameshapindua mikono ya nguo;
kisha, kabla sijatamka neno,
anafunua shuka ili nimkague na mtoto.

Ningeweza kusema, Piteni.
Neno hilo nalijua kwa lugha nne.
Lakini foleni inanitazama,
na mkono umeshazoea njia yake:
kichwani, tumboni, kwenye nyayo zile ndogo.
Anaidaka fimbo kwa mikono miwili,
anaitia mdomoni, anaonja.

Hailii.
Mtoto naye halii.