Chokaa Isiyo na Mlango

Nilimwita Karani
kwa anavyotembea uani kama yule wa chama cha msingi
siku ya kupima korosho: kifua mbele, jicho kwenye mzani,
na kila gunia la mwenzio lina unyevu.

Msimu ule bei ilipanda.
Kitangari nzima ikaezua nyasi, ikaezeka bati.
Nyumba yangu ina bati tangu enzi za marehemu,
nikasema, basi, kuku nao waonje.
Nikapanda Newala mjini, nikarudi na kiroba
cha chakula cha watagaji,
kimechorwa kuku mweupe, mnene, asiyejua mwewe.

Mitetea sita walishukuru kwa namna yao:
mayai ya ganda gumu, uligonge mara mbili.
Na Karani, aliyezoea kuita wake zake kwanza,
ko ko ko, njooni, kisha ndipo adonoe,
siku hizo alikula kama mwenye stakabadhi.

Miezi minne.
Nani hutazama kinyesi cha jogoo?
Mimi. Uwanja naufagia mwenyewe.
Nilikiona kimekuwa cheupe, kama fundi kamwaga rangi ya ukuta.
Kilemba kikapauka.
Vifundo vya miguu vikavimba,
akawa anakanyaga mchanga kama anaogopa kuuamsha.
Alfajiri moja hakuwika.
Ya pili alisema *kokori*,
*koo* ikabaki kooni.

Bi Achimpota akasema ni kijicho:
jogoo mzuri hivi unamwachaje bila kinga?
Mumewe, Chilumba, hakusema kitu.
Alinoa kisu polepole, ili nisikie.

Bwana mifugo wetu ni binti, Tumwitike, wa Njombe,
bado analishangaa jua letu.
Hakuuliza alipo mgonjwa. Aliuliza kilipo kiroba.
Akakigeuza, akasoma nyuma, kusiko na picha.
"Mama, huyu anataga?"
Nikacheka. Hakucheka.

"Humu mna chokaa nyingi, ya kutengenezea ganda.
Mtetea anaila leo, anaivisha yai, kesho imetoka.
Huyu anaila, haina mlango.
Inakwenda kwenye figo, inakaa.
Na maji? Anakunywa?"

Nikaitazama ndoo.
Pampu ilikuwa imekufa tangu mwezi uliopita,
maji tunayanunua kwa wenye baiskeli,
na kuku nilikuwa nawapimia
kwa kifuniko cha dumu la mafuta.

Sikumjibu.
Nilimkumbuka marehemu,
nilivyokuwa namwongezea chumvi bila kuombwa,
kwa kuwa ndiye aliyelima kuliko wote,
na daktari wa Ndanda alivyouliza, kwa upole uleule,
"Huwa anakula nini?"

Sasa wifi wa Mikindani ananiletea magamba ya chaza.
Nayaponda, nayaweka kwenye kopo lake, pembeni.
Anayetaga anajijua, anakwenda mwenyewe.
Karani hulipita bila kugeuka.
Yeye ana mtama, ana pumba kidogo,
ana majani ya mlonge, na mchwa
ninaowachimba kwenye kichuguu nyuma ya mbaazi.
Bibo moja, bichi, siyo yale yaliyochacha chini ya mkorosho.
Siku aliyoyafikia yale alipanda juu ya kinu
akawika adhuhuri, akaanguka.
Na maji. Nimepunguza ya kufulia,
khanga zangu zinanielewa.

Tumwitike hakuniahidi.
Figo, alisema, si bati, mama,
huziezui msimu ukiwa mzuri.

Leo kawika.
Jua limeshafika kwenye mafiga, uji umeshanyweka,
sauti ina mchanga, lakini *koo* imetoka, yote.
Chilumba kanipigia kelele kutoka ng'ambo ya ua:
"Karani wako kachelewa kazini!"

Nikamjibu, mwandikie yupo.